Hirizi Yenye Mikia Kwenye Kivuko cha Kamanga

Simu haijapoa tangu asubuhi, na wote mna swali moja: "Eti umekamatwa na hirizi kwenye kivuko?" Aliyeanzisha namjua. Ni yule rafiki yangu Yanga damu, ambaye wakati mambo yanatokea alikuwa juu kule anatafuna mahindi ya kuchoma. Kashuka kakuta watu wamejaa, basi, kaenda kutunga. Kwenye grupu kaandika kwamba nilikuwa navusha dawa ya mechi ya watani. Ngojeni niwape mwenyewe, maana hadithi yake ina chumvi ya kutosha kukaushia dagaa.

Matikiti yangu ya ng'ambo ya ziwa, kule Kamanga, mnayajua. Mbegu chotara zina bei, ndugu zangu. Ukizifukia hivi hivi nusu zikaozea ardhini, unaweza kulia mbele za watu. Kwa hiyo naziotesha kwanza nyumbani. Naziloweka usiku kucha, nazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu (unyevu, nimesema! Zikiogelea zinakosa hewa, zinaoza), halafu zinahitaji joto, nyuzi 25 hadi 30. Sasa mimi naishi Kitangiri, hapa Mwanza, dirisha linatazama ziwa, usiku upepo wake mnaujua. Joto la uhakika nililonalo ni la mwili wangu. Nikakata kipande cha fulana yangu ya zamani ya Simba, nikafunga mbegu kwa uzi, nikaviringisha mfuko wa mkate juu, nikajifunga kiunoni kwa uzi mwingine ndani ya suruali.

Ndiyo, fulana ya Simba ni nyekundu. Na uzi niliokuwa nao ulikuwa mweusi. Endeleeni kucheka.

Nikapanda kivuko kwenda kuzipanda. Tumeondoka, Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani, liko pale pembeni, mama mmoja akaniomba nimsogezee ndoo yake ya sato. Nikainama. Nikasikia *tap*.

Uzi.

Kitu cha uvuguvugu kikaanza safari. Kikapita kwenye paja, taratibu, hakina haraka. Nikabana magoti. Mama ananiangalia, "Mwanangu, unaumwa?" Nikamwambia hapana mama, huku nimesimama miguu imepishana. Kivuko kikayumba kidogo, nikalegea, kikapita gotini. Nikajaribu kukidaka kwa nje ya suruali, nikakikosa. Kikatokeza kwenye pindo, kikakaa juu ya kiatu changu. Mfuko wa mkate ulibaki huko juu. Kilichotoka ni kile chekundu chenyewe, kimelowa, kina mafundo meusi, kinafuka mvuke. (Sawa, mvuke nimeongeza mimi.)

Kimya. Kisha katoto fulani: "Mama, anko kataga!"

"Mayu wane!" Mama yangu, kwa Kisukuma. Yule mama akaruka ndoo yake mwenyewe. Sijawahi kuona nafasi ikipatikana haraka vile kwenye kivuko. Dakika moja nyuma tulikuwa tunapumuliana shingoni. Mzee mmoja mwenye bakora akanyoosha ile bakora: "Kijana, hicho ni chako?"

Wafuasi wangu, nilikana. Nikasema kwa sauti kavu, "Hapana babu, nami ndiyo nakiona."

"Kimetoka kwenye suruali yake!" Katoto tena. Mungu akakuze, mwanangu.

Mmoja akasema kitupwe majini. Wengine wakamrukia: ukitupe humu ziwani na sisi bado tuko juu yake, una akili? Ikaamuliwa nikifungue mwenyewe, mbele ya wote. Mikono inatetemeka, uzi umelowa, fundo halitaki. Nikatumia meno. Hapo kuna dada akaanza kukemea kwa jina la Yesu, na kila nikivuta uzi yeye anapandisha sauti. Kitambaa kikafunguka, na kila mbegu ilikuwa na mkia mweupe umechomoza kwenye ncha.

"Viko hai!"

"Ni matikiti," nikasema.

"Matikiti kiunoni?"

Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyekaa kwenye gunia, hakuwa amenyanyuka muda wote. Akasogeza uso karibu na kitambaa, akaguna. "Mizizi hii imetoka vizuri. Ila uipande leo leo, ikirefuka inakatika." Akageukia umati kama mwalimu: usishike mzizi, shika ganda, lowesha udongo kwanza, mzizi utazame chini, fukia sentimita mbili tu, usishindilie. Yule dada wa maombi akauliza kama bamia nazo zinakubali. Babu wa bakora akataka kujua bei ya mbegu. Mimi nimebaki nimeshika fulana, suruali imelowa mahali ambapo maelezo hayasaidii.

Tukafika, nikapanda jioni jua limepungua, nikamwagilia, nikarudi. Leo mlinzi wa shamba kanitumia picha: majani mawili mawili, nyingine bado zimevaa ganda kichwani. Zimeota karibu zote, mwambieni Yanga damu.

Na huyo aliyewapa watu namba yangu nitampata. Mchana huu kanipigia mtu nisiyemjua kutoka Sengerema, ana mbegu zake, anauliza kiuno nakodisha kwa siku au kwa msimu.