Asilimia 96 si sensa

Kila anayegusia mtoweko mkubwa uliofunga kipindi cha Permi, miaka milioni 252 hivi iliyopita, lazima atamke kuwa asilimia 96 ya spishi za baharini zilikufa. Hata "huenda" hasemi. Utadhani karani alikaa ufukweni na daftari akihesabu mizoga.

Namba hiyo ni ya David Raup, Mmarekani mtaalamu wa visukuku, ya mwaka 1979, naye aliitoa kama kikomo cha juu. Spishi hazihesabiki moja kwa moja, maana nyingi hazikuacha kisukuku. Familia, yaani makundi ya spishi za ukoo mmoja, zinahesabika, na karibu nusu zilipotea. Raup akajiuliza: kama kifo kinapiga kura tu, kama bahati nasibu, zife spishi ngapi ndipo familia zote hizo ziishe? Familia haifi mpaka spishi yake ya mwisho ife. Tuseme kila spishi ina asilimia 4 tu ya kupona. Familia ya spishi 10 ina takriban asilimia 34 ya kubakiza walau moja; ya spishi 50, asilimia 87. Kwa kura, basi, kuzimaliza familia ni kuua karibu kila kitu.

Lakini bahari ikikosa oksijeni haipigi kura. Ndugu wenye udhaifu mmoja hufa pamoja, familia inakwenda na watu wake wote, na ya jirani haiguswi. Nusu ya familia zinaisha kwa vifo vichache zaidi. Tena waliotoweka polepole kabla ya janga walitiwa kapu lilelile. Steven Stanley, naye mtaalamu wa visukuku, aliposahihisha hayo mwaka 2016, alipata asilimia 81. Haya, 81 nayo ni balaa, sikatai.

 

Kinachoniuma ni kazi nyingine ya Raup, ya makombe, kusahaulika. Mwaka 1966 Raup alichora makombe kwa kompyuta akitumia vipimo vichache: W, mdomo wa kombe unapanuka mara ngapi kwa kila mzunguko, D, umbali wake na mhimili, T, unavyoteremka kufuata mhimili huo. T ikiwa sifuri, kombe linajikunja bapa. Ipandishe, upate konokono mrefu. Kisha akapanga viumbe halisi katika ramani ya maumbo yote yanayowezekana, na sehemu kubwa ikabaki tupu. Amonaiti, jamaa wa ngisi wenye makombe waliokwisha toweka, karibu wote walijibana upande ambao W ni ndogo kuliko 1/D, ambako kila mzunguko unaugusa uliotangulia. Ng'ambo ya mstari huo mizunguko inaachana, na kila mmoja unahitaji ukuta wake kamili.