737 MAX: Kiwanda kiliposimama, nani alilipa?

Tarehe 16 Desemba 2019 Boeing ilitangaza kwamba kuanzia Januari ingeacha kwa muda kuunda ndege za 737 MAX. Kuna waliodhani kampuni imetubu. Mimi sikuona toba. Tangu Machi mwaka huo ndege hizo zilikuwa zimepigwa marufuku kuruka dunia nzima kufuatia ajali mbili, ilhali kiwanda cha Renton, jirani na Seattle, kiliendelea kuzitoa, 42 kila mwezi. Shirika la ndege hulipa sehemu kubwa ya bei siku linapokabidhiwa ndege, na hakuna aliyekuwa akikabidhiwa. Zikarundikana hadi kufikia 400 hivi, nyingine zikiegeshwa kwenye maegesho ya magari ya wafanyakazi. Boeing ilibanwa na pesa na nafasi kabla ya kubanwa na dhamira.

Jambo hili halikuwa mbali nasi. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka 10 Machi 2019, dakika chache baada ya kupaa Addis Ababa, ilikuwa inakuja Nairobi. Walikufa wote 157, na Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilikuwa imetumbukia baharini baada ya kuondoka Jakarta ikiwa na watu 189. Katika ajali zote mbili MCAS, mfumo wa kompyuta unaorekebisha mwelekeo wa pua ya ndege wenyewe, ulitegemea taarifa potofu za kifaa kimoja tu, ukawa unaishusha pua ya ndege tena na tena huku marubani wakihangaika kuiinua.

Hata hivyo, waliopinga kusimamisha uzalishaji walikuwa na hoja nzito. MCAS lilikuwa kosa la usanifu. Fundi anayekaza skrubu hakuhusika nalo, na kumrudisha nyumbani hakurekebishi programu ya kompyuta. Isitoshe, wakati huo kiwiliwili cha 737 kiliundwa na kampuni nyingine, Spirit AeroSystems, huko Wichita, Kansas, kisha kilisafirishwa kwa treni hadi Renton. Zaidi ya nusu ya mapato ya Spirit yalitokana na MAX. Boeing iliahidi kwamba hatua hiyo haitamfukuzisha kazi mtu wake yeyote wakati huo, kwa kuwa ilikuwa na kazi nyingine za kuwapa. Spirit ingewapeleka wapi watu wake? Tarehe 10 Januari 2020 ilitangaza kuwapunguza wafanyakazi wapatao 2,800. Siku hiyohiyo ikajulikana kuwa Dennis Muilenburg, mkurugenzi mkuu wa Boeing aliyeng'olewa Desemba, angeondoka na hisa na pensheni za takriban dola milioni 62. Kwangu hapa ndipo penye uchungu.

Lakini hoja hiyo ya usanifu haimalizi mambo. Ed Pierson, aliyekuwa meneja Renton, alimwandikia mkuu wa mradi wa 737 mnamo Juni 2018, kabla ya ajali zote mbili, akiomba kiwanda kisimame. Watu walikuwa hoi kwa kazi za ziada, vipuri vilichelewa, na bado walihimizwa kuongeza kasi. Hakusikilizwa. Kasoro za kiwandani hazikuthibitishwa kuwa chanzo cha ajali zile, ila ombi lake lilikuja wakati kusimama kungegharimu kidogo mno.

Uzalishaji ulirejea Mei 2020, nao Marekani ikaruhusu ndege hizo kuruka tena Novemba. Je, mapumziko yale yalitibu kiwanda? Januari 2024 kipande kilichoziba nafasi ya mlango kwenye MAX 9 ya Alaska Airlines kiling'oka angani. Wachunguzi wakabaini kwamba bolti zake nne zilitolewa Renton na hazikurudishwa. Air Tanzania ilikuwa imepokea MAX 9 yake ya kwanza miezi mitatu tu kabla.

Safari hii mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, haikufunga kiwanda. Ilizuia Boeing kuzidisha ndege 38 kwa mwezi hadi iridhike na ubora wa kazi. Naiona njia hii kuwa bora kuliko ile ya 2019: mgavi wa Wichita anabaki na kazi, na kasi inapangwa na msimamizi badala ya hazina ya kampuni. Kikomo hicho kilikaa hadi Oktoba 2025.