F ya Fizikia inarudiwa, cheti cha kununua hakirudiwi

Juzi usiku mtoto wa mama mdogo kanipigia simu, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba. Kamaliza fomu foo mwaka jana, Baiolojia C, Kemia D, Fizikia F, Hesabu F, anautaka udaktari, na kuna jamaa stendi kamwambia kwa laki nne anamtengenezea cheti hizo F mbili zinasomeka D. Akaniuliza, kaka we unaonaje? Toka siku hiyo silali vizuri ndo maana naandika, maana najua hayuko peke yake.

Mi ni wa matokeo ya 2012. Wenzangu mnakumbuka, Februari 2013 yanatangazwa, karibu watahiniwa sita kati ya kumi wana ziro, nchi nzima kilio, serikali ikaunda tume na mwezi wa tano yale matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Awamu ya kwanza nilikuwa ziro, ya pili nikapanda hadi divisheni foo ya mwishoni kabisa. Baba akaniambia unaona, halikuwa kosa lako. Wapo wengi ambao kweli halikuwa kosa lao, shule haina mwalimu wa sayansi hata mmoja, maabara ni chumba kitupu, hao walikuwa na haki zote za kulalamika. Mimi shule yangu ilikuwa na mwalimu wa Fizikia na niliacha kuingia kipindi chake toka fomu tuu. Fomu sri nikasimamishwa miezi miwili kwa kutoroka bwenini na kwa mgomo uliovunja madirisha ya ofisi ya walimu, na sikuwepo tu pale kama nilivyowaambia nyumbani, jiwe nilirusha. Haya sikuyasema kwa mtu miaka mingi.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kukaa nyumbani. Bibi alikuwa na kidonda cha sukari mguuni, na kwa kuwa sikuwa na kazi ndo mimi nikawa nampeleka zahanati kusafishwa, kila siku ya pili, nimempakia kwenye baiskeli. Yule tabibu wa zahanati akaniambia we kijana mbona unaangalia sana, njoo ushike hii. Akanionyesha kusafisha kuanzia katikati ya kidonda kwenda nje, akanionyesha nyama iliyokufa inavyotofautiana na iliyo hai. Kile kidonda kilifunga. Sijawahi kukifurahia kitu nilichofanya kwa mkono wangu kama nilivyokifurahia kile. Nikamuuliza nifanyeje na mimi niwe kama wewe, akaomba aone matokeo yangu, akayaangalia kimya muda mrefu kisha akasema, karisiti, yaani karudie mtihani wa masomo uliyofeli.

Hilo neno karisiti ukilisikia unaona ni jambo dogo, kulipa ada ya mtihani na kusubiri mwezi wa kumi na moja. Ntawaambia lilivyo. Unajisajili kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea asiye na shule, unakuwa na miaka ishirini, unaenda tuisheni unakaa dawati la nyuma na watoto wa fomu tuu maana huko ndiko ulikopotea, na mwalimu anauliza densiti ni nini na kitoto cha miaka kumi na nne kinajibu na we hujui. Mwaka wa kwanza, 2013, Hesabu nikapata D, Fizikia F tena. Hapo ndo wengi wanaacha, na mimi niliacha miezi kama mitatu, nikawa nauza duka la mjomba. Aliyenirudisha ni bibi, hakusema maneno mengi, alinipa hela aliyouzia mbuzi wake mmoja akasema hii ni ya mtihani. 2014 nikapata D ya Fizikia. D tu. Niliishika ile karatasi nikalia mbele za watu.

Sasa kwa nini hiyo D ina uzito hivyo, hapa naomba wadogo zangu msome taratibu. Ukitaka MD, yaani shahada ya udaktari, kwa njia ya fomu siksi unapimwa kwa PCB yako, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ukipitia diploma ya utabibu unasoma miaka mitatu, lazima utoke na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0, halafu hata ukitoka na GPA nzuri namna gani bado wanarudi nyuma kuangalia cheti chako cha fomu foo, Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza, kila moja walau D. Mi nilipita njia hiyo ya diploma, na nimesoma na jamaa ambaye darasani alituzidi wote, wodini alituzidi wote, hajaenda MD hadi leo kwa sababu ya F ya Hesabu aliyoipata akiwa mtoto. Kila mwaka anasema mwakani ntarisiti. Kwa hiyo hata kama saivi unaona diploma umeingia bila hiyo Hesabu, irisiti mapema ukiwa bado na nguvu ya kukesha na kabla hujawa na familia inayokutegemea.

Kuna kitu kimoja kuhusu mfumo wetu nimekifikiria sana. Mimi katika kuomba kote hakuna aliyeniuliza kilinitokea nini. Hakuna insha ya kujieleza, hakuna usaili, unajaza namba ya mtihani, mwaka, GPA, basi. Kwa upande mmoja ni huruma kubwa, maana jiwe langu na madirisha yale havikunifuata, sikulazimika kumbembeleza mtu aamini kwamba nimebadilika, niliomba kwa herufi na herufi zikasema. Kwa upande mwingine unaumiza. Mwaka 2021 niliomba MD vyuo vitatu nikakosa vyote, nilikuwa na miaka mitatu ya kazi zahanati, nimeshaona malaria kali ya watoto zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, na kwenye fomu hamna hata sehemu ya kuandika hayo. Nashindana kwa desimali na mtu ambaye hajawahi kumshika mgonjwa. Kwa maoni yangu hilo linatakiwa kubadilika, tabibu aliyefanya kazi vijijini kazi yake ihesabiwe walau kidogo kwenye ushindani, au afanyiwe mtihani wa kuingilia aonyeshe anachojua leo.

Ila wanaosema masharti ya Fizikia na Hesabu yaondolewe kabisa siko nao. Usiku niko peke yangu zamu, lita moja ya maji ya dripu iingie kwa saa nane, mrija wake unatoa matone ishirini kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Ni kama arobaini na mbili, na ukikosea kwa mtoto mdogo unamjaza maji mapafu. Hesabu hiyo niliyoikimbia fomu tuu nilikuja kuikuta imening'inia juu ya kitanda cha mgonjwa.

Turudi kwa dogo na laki nne yake. Aprili 2017 mi nilikuwa mwaka wa pili wa diploma, niko mazoezini hospitali moja, ndo ripoti ya uhakiki wa vyeti ikatoka, watumishi wa umma 9,932 wana vyeti vya kughushi. Kulikuwa na mama mmoja pale wodi ya watoto, ndiye aliyenifundisha kupata mshipa wa kichanga, mkono mwepesi ajabu, watoto walikuwa hawalii kwake. Jina lake lilikuwemo. Hakuja kuaga, siku hiyo zamu yake ikawa haina mtu, na sisi wanafunzi tukabaki tunaangaliana. Alifanya kazi miaka mingi na alikuwa anaijua kweli, lakini juu ya karatasi ya uongo. Nilimkumbuka usiku ule dogo anaongea. Nikawaza angerisiti tu miaka ile angekuwepo hadi leo anafundisha wengine, na wale watoto wangekuwa mikononi mwake.

Dogo akaniambia lakini kaka, kurisiti ni mwaka mzima na naweza nikafeli tena. Ndiyo, unaweza. Mi nilifeli tena. Ukifeli una F, ulikuwa nayo na jana, haijakuongezea kitu. Cheti cha yule jamaa kikibainika siyo kwamba unarudi ulipokuwa, unakuwa mtu ambaye hata cheti chake cha kweli hakiaminiki tena, na namba ya mtihani haidanganyi, wanaiingiza tu Necta, baraza la mitihani, wanaona.

Mwaka 2022 niliomba tena, vyuo vitano, nikiwa nimejiandaa kukosa. Nilikuwa zahanati naandika kwenye rejista ya OPD, ya wagonjwa wa nje, meseji ikaingia, umechaguliwa, thibitisha kwa namba hii. Nilimalizia kumuandikia mgonjwa dawa kwanza, mikono inatetemeka, nikatoka nje nikampigia baba. Bibi alishafariki. Saivi niko mwaka wa nne, darasani mi ni katika wakubwa, wengine wananiita mzee, na tukiwa kwenye raundi ya wodi ya upasuaji kukitokea mguu wa sukari huwa najikuta nimesogea mbele bila kuitwa.

Dogo, najua utaisoma hii. Usimpe yule mtu hata shilingi ya kutanguliza. Usajili wa PC ukifunguliwa niambie, Hesabu na Fizikia ada ntailipa mimi, vitabu vyangu vya 2014 vipo nyumbani kwa baba kwenye lile begi jeusi, kurasa zimechakaa ila zipo zote. Anza na densiti. Jumamosi nikitoka zamu ntakupigia tufanye maswali kumi ya kwanza pamoja.