Makofi ya Elfu Mbili

Mimi ni fundi viatu. Jumamosi jioni mahali pangu ni kibandani, nazungukwa na watu wanaotaka viatu vya kwenda kanisani kesho yake na ambao wiki nzima walikuwa wapi sijui. Jumamosi iliyopita, lakini, nilikuwa nimevaa koti la harusi, nimebanwa kwenye kiti cha ukumbi mmoja hapa Nairobi, nangoja okestra.

Kisa ni chama. Mwenyekiti wa chama cha Mama Brayo ana binti anayecheza baleti, basi ikapitishwa kwamba kila mwanachama aje na mumewe. Tiketi elfu mbili kwa kichwa. Asiyekuja, faini elfu moja. Nikasema, "Mama Brayo, hesabu yenyewe si inatuambia tulipe faini?" Aliniangalia tu. Nikaenda kutafuta pasi.

Okestra ilikuwa ya kanda: Kampala, Kigali, Dar na hapa kwetu. Waliingia na nguo nyeusi kama wanaenda matanga. Mmoja akapuliza kitu kama zumari, sauti moja tu ndefu, na wengine wakaidaka, fidla, tarumbeta, kila mtu akivutia kwake. Wakanyamaza. Nikaona wimbo ni mfupi lakini si mbaya, nikapiga makofi.

Peke yangu.

"Wanalinganisha vyombo, Baba Brayo!" Mama Brayo alinong'ona bila kufungua meno.

Kumbe makofi kule yana sheria. Muziki ukinyamaza haujaisha, umepumzika tu, na hapo ruhusa ni kukohoa. Ukumbi mzima unakohoa utadhani ni zahanati. Na kondakta wa okestra, yule wa kuwaongoza kwa mikono, hakusaidii, amewapa abiria mgongo toka tutoke steji. Wa matatu ya 58 angalau akigonga bodi unajua umefika.

Baleti ndiyo iliyoniamsha. Walicheza kipande cha Swan Lake ya Tchaikovsky, mambo ya Moscow ya tangu 1877, mabinti wamerogwa wakawa bata maji. Wetu alikuwa bata wa tatu kutoka kushoto. Mwenzenu sikuona bata, niliona viatu. Mtu mzima amesimama kwenye ncha ya vidole! Kisha akaja bata mweusi, akazunguka kwa mguu mmoja mara 32. Wenzangu walikuwa wakihesabu mizunguko, mimi nahesabu soli.

Mapumziko yalipofika nilimfuata binti wa mwenyekiti, nikamwomba kimoja nikishike. Nilitarajia chuma ndani, au mbao. Hakuna! Ncha ni kitambaa na karatasi, tabaka juu ya tabaka, zimegandishwa kwa gundi. Soli ni kijipande cha ngozi. Pale mbele amepashona mwenyewe kwa uzi mnene ili asiteleze, mshono wa haraka haraka, ningemrudishia aufumue. Nikamuuliza vinadumu muda gani. Akasema wale wakubwa humaliza jozi kwa onyesho moja.

Onyesho moja! Na mimi miaka yote hii nabandikia viatu watu wa bodaboda, wanaorudi baada ya mwaka wakiteta kwamba gundi yangu ni maji.

Tuliporudi ndani ikaletwa kazi mpya ya kijana wa hapa hapa, haijawahi kupigwa popote. Wenye fidla wakageuza pinde. Upinde una nywele za mkia wa farasi, zimewekwa pale kwa kazi, na wao wanagonga nyuzi kwa upande wa mti! Ni kama mimi nipigilie misumari kwa mpini wa nyundo. Mbele kidogo ikabaki sauti moja ndefu, ile ile ya zumari, wengine wakaidaka, kila mtu akavutia kwake. Wakanyamaza.

Hapo hamnipati tena. Nikakunja mikono.

Ukumbi wote ukasimama, makofi na vigelegele. Mimi nimekaa, najua wanalinganisha vyombo. Kiwiko kikaniingia ubavuni. "Piga makofi! Mtunzi ndiye yule, na anatuangalia sisi!"

Nikaruka juu, koti likachanika kwapani, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Wenzangu walikuwa wameshaketi.