Pesa ya safari ipelekeni Oman, na muipandishe mlimani

Ukiwauliza watu wa Dar es Salaam au Mombasa wanaopanga safari moja kubwa ya nje, jibu huwa tayari: Dubai. Hoteli ya nyota tano, picha chini ya Burj Khalifa, jioni moja ya kurushwarushwa na gari jangwani, kisha madukani hadi siku ya kurudi. Sina ugomvi na Dubai. Jengo la mita 828 linastahili kutazamwa, na anayekwenda kufuata mzigo wa biashara ana sababu zake. Lakini mtu aliyejinyima muda mrefu ili yeye na mwenzake wapate wiki moja ya raha, akaimaliza kwenye foleni za lifti na korido za maduka, naona amenunua uchovu kwa bei ya juu.

Mimi pesa hiyo ningeipeleka Oman. Na nikifika nisingeigawa sawasawa. Ningebana Muscat, nikaiachia mlimani.

Hapo kwenye kugawa ndipo mawakala wengi wanapotukosesha. Wanakuuzia kifurushi cha hoteli ya daraja moja tangu usiku wa kwanza hadi wa mwisho, na wewe unalipia bwawa la kuogelea ambalo hukuliona kwa sababu mchana kutwa ulikuwa sokoni na msikitini. Muscat inatembelewa nje ya hoteli. Chukua chumba safi cha bei ya kati, Mutrah karibu na bahari au Qurum, mradi kiwe na kiyoyozi na kitanda kizuri. Akiba yote iwekee usiku mbili tatu za Jebel Akhdar, kwa sababu huko hoteli yenyewe ndiyo safari.

Jebel Akhdar ni sehemu ya milima ya Hajar, na hoteli zake kubwa, Alila na Anantara, zimekaa kwenye kimo cha kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, pembeni kabisa mwa genge. Ukitoka chumbani unaona korongo limepasuka chini yako, na ng'ambo yake vijiji vya mawe vimeng'ang'ania ukuta wa mlima, na matuta ya mashamba yakishuka chini yake ngazi kwa ngazi. Kwenye eneo la Anantara kuna jukwaa linaloitwa Diana's Point, mahali ambapo Princess Diana alifika mwaka 1986, kabla ya hoteli kuwapo. Wageni hupanga foleni ya picha hapo magharibi inapokaribia. Afadhali uende alfajiri. Jua linapoingia korongoni kwa vipande utakuwa na nafasi yote peke yako.

Kubwa kuliko hoteli, hata hivyo, ni mawaridi. Watu wa pwani tumekulia kwenye marashi ya mawaridi. Harusini na kwenye maulidi mrashi unapita, unanyunyiziwa, unajipaka usoni, na wachache wetu wamewahi kujiuliza yanatengenezwa wapi na vipi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mapema Mei, vijiji vya Al Aqr na Al Ayn vinavuna maua mapema asubuhi, jua halijachoma. Wanaotengeneza kwa njia ya zamani huyatia kwenye vyungu vilivyopachikwa ndani ya jiko la udongo, moto ukiwa chini na chombo cha maji baridi juu. Mvuke unapanda, unagusa ubaridi, unadondoka ndani kama maji yenye harufu ya moshi kidogo. Hiyo harufu ya moshi ndiyo inayoyatofautisha na ya kiwandani. Ukiwa na uhuru wa kuchagua tarehe, chagua Aprili. Ukishindwa, nenda wakati wa makomamanga, Septemba au Oktoba. Hoteli nzuri itakupa mwenyeji wa kijijini akutembeze kwa miguu matutani, na hiyo ni huduma ninayoilipia kwa moyo mkunjufu kuliko masaji yoyote.

Kufika huko kuna masharti. Kutoka Muscat ni mwendo wa saa mbili hivi hadi Birkat al-Mawz, mji wa mitende na migomba uliopo mguuni mwa mlima, wenye mfereji wa kale wa falaj ulioingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006 pamoja na mingine minne. Hapo polisi wana kizuizi: gari lisilo la 4x4 linarudishwa, hata kama barabara ni lami mwanzo mwisho. Mteremko ni mkali na breki huungua. Tena Oman wanaendesha upande wa kulia, sisi tumezoea kushoto. Kwa hiyo ushauri wangu ni kukodi gari pamoja na dereva wa kule kule. Ataokoa mishipa yako, na atajua ni mkahawa gani wa njiani una samaki na wali wa kueleweka. Watakaokuambia kujiendesha ni sehemu ya raha waache wajiendeshe.

Panda Jumapili au Jumatatu. Mapumziko ya juma Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na wenye nafasi zao kutoka Muscat hupanda mlimani kukimbia joto. Vyumba hujaa na bei hupaa. Beba sweta. Usiku wa Desemba na Januari huko juu ni baridi hasa, mtu wa Lushoto ataona yuko kwao, lakini wa Temeke atateseka. Muscat nayo usiiendee Juni wala Julai, joto hupita nyuzi 40 na hata upepo wa baharini unakuja umechemka. Anayelazimika kwenda miezi hiyo ashuke kusini hadi Salalah, ambako kati ya Juni na Septemba kunakuwa na manyunyu ya khareef, yaani msimu wa mvua wa huko, na milima inageuka kijani.

Sasa Muscat. Vitu vyake vikubwa ni vya bei ndogo au bure kabisa, ndiyo maana nasema usizike pesa kwenye chumba. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, una zulia moja lililofumwa na mamia ya wanawake wa Iran kwa miaka minne, lenye uzito wa tani 21. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia asubuhi, saa 2 hadi saa 5, kila siku isipokuwa Ijumaa. Wanawake wafunike nywele, mikono na miguu. Jioni angalia ratiba ya Royal Opera House, iliyofunguliwa 2011. Tiketi za nyuma hazitishi, ila vaa vizuri, maana wenyeji wanakuja na kanzu zilizopigwa pasi kama za Idi. Na kasri la Al Bustan, lililojengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba wa 1985, si lazima ulale humo ili ulione. Weka nafasi ya chai ya alasiri, kaa chini ya dari lile refu, kunywa polepole, ondoka. Umepata sehemu tamu ya hoteli kwa bei ya kikombe na vitafunwa.

Kuna jambo lingine ambalo Dubai haiwezi kukuuzia. Sultani Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar na bara walirudi. Ndiyo sababu unaweza kuwa Mutrah unabishania bei ya ubani kwa Kiingereza chako cha kuungaunga, na mzee mwenye duka akakukatiza.

"Wewe wa Tanga au wa Unguja?"

"Tanga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Basi bei uliyoambiwa mwanzo isahau."

Ni raha ambayo hakuna meneja wa hoteli anayeweza kukupangia. Lakini tahadhari: usiivamie. Si kila mwenye sura ya huko kwetu anataka kuzungumzia huko kwetu. Historia hii haikuwa halua na kahawa tu. Mna biashara ya watumwa ndani yake, mna Januari 1964, na familia za pande zote zimebeba maumivu yao. Subiri mwenyeji aanze Kiswahili. Akianza, atakupeleka mbali, hadi kwenye mishikaki ya barabarani, ambayo na wao wanaiita mishkak.

Mambo ya fedha niyapitie haraka. Riali moja ya Oman imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kama dola 2.60, kwa hiyo ukiona kitu kimeandikwa 10 usishangilie, ni dola 26. Riali ina baisa 1,000, si senti 100. Hoteli na wakodishaji magari huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako hadi unapoondoka, na kadi za benki zetu wakati mwingine hugoma. Ongea na benki yako kabla ya safari, na uwe na kadi ya pili. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita, viza uombe mapema mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya polisi wa Oman na si kwa wakala anayejifanya ndiyo serikali, na cheti cha homa ya manjano kiwe ndani ya begi, maana msafiri atokaye ukanda wetu anaweza kuulizwa. Ramadhani nenda ukijua kuwa mchana mikahawa mingi imefungwa. Usiku wake, lakini, una uchangamfu wa peke yake.

Wenye pesa zaidi watauliza kuhusu hoteli ya Six Senses ya Zighy Bay, kule Musandam kaskazini kabisa, ambako mgeni anaweza kushuka hotelini kwa parashuti ya kuruka kutoka mlimani. Ni pazuri, sibishi. Ila ukiwa na safari moja tu, ufuo mweupe na maji ya buluu unavyo Paje, Diani na Watamu, kwa nauli ya basi na boti. Korongo la Jebel Akhdar huna.

Na kuhusu cha kuleta nyumbani: dhahabu wachia wengine. Leteni ubani wa hojari kutoka Dhofar, jimbo la Salalah, ule wenye rangi ya kijani kibichi hafifu, na chupa ya marashi ya mlimani iliyofungwa vizuri isije ikamwagikia nguo. Halua mnunue ya kula huko huko. Wataapa kwamba yao ndiyo asili, na huenda kihistoria wana haki, lakini mimi ya Unguja bado naiweka mbele, na dereva wangu wa Oman tumebishana juu ya hilo kutoka Nizwa hadi uwanja wa ndege.