Zebaki: lawama kwa mchimbaji, dhahabu kwa mwenye plenti

Likija suala la zebaki, ile metali ya majimaji inayonasa dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa, kwenye machimbo ya dhahabu watu wanagawanyika mara mbili na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Hawa wanasema hiyo kitu ni sumu, inaharibu maji, inalemaza watoto, serikali ipige marufuku na atakayekamatwa nayo afungwe. Wale wanajibu nyie wa mjini mmeshiba, mtu wa Nyarugusu au Lwamgasa, huko machimboni Geita, mnataka ale nini. Mimi nimekulia Geita, nina shemeji wawili wako kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, mpaka leo, na nikisikiliza haya mabishano naona kila upande una hoja ila wote wanamwangalia mchimbaji kama vile yeye ndo anayefaidi.

Upande wa marufuku hauhitaji kutetewa sana, sayansi inautetea. Kila mtu anajua habari ya Minamata kule Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi 1956, watu walikula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda, wakapooza, watoto wakazaliwa na ulemavu. Mkataba wa kimataifa umepewa jina la mji huo, ulianza kutumika 2017 na Tanzania iliuridhia 2020. Na tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilionyesha uchimbaji mdogo wa dhahabu ndo unaoongoza duniani kwa kurusha zebaki hewani, asilimia 38 hivi ya yote inayotokana na shughuli za binadamu, unazidi hata makaa ya mawe. Hapo hakuna ubishi.

Tatizo ni kwamba ukisema zebaki mtu anawaza maji tu, na akiwaza maji anawaza samaki wanaoelea. Mnakumbuka Machi 2022 Mto Mara ulivyogeuka mweusi samaki wakafa, kamati ikaja na jibu la kinyesi na mkojo wa ng'ombe, nchi nzima ikacheka. Ile hasira ilikuwa halali lakini zebaki haifanyi kazi hivyo. Zebaki haiui samaki ukamwona. Inashuka kwenye tope la mto, vijidudu vinaigeuza kuwa aina nyingine inayonasa kwenye nyama, samaki mdogo anaila, mkubwa anamla mdogo, inazidi kujikusanya kila hatua, na samaki anaendelea kuogelea vizuri tu mpaka kwenye sahani yako. Na hapa niseme jambo ambalo wanaharakati wengi hawalipendi, sangara na sato wa Ziwa Victoria wameshapimwa mara nyingi na kwa sehemu kubwa walikutwa chini ya kiwango kinachokubalika cha miligramu 0.5 kwa kilo. Udongo wetu mwekundu wenye chuma nyingi unaikamata zebaki, haisafiri haraka. Sio kwamba ziwa liko salama milele, hapana, ila ukimtisha mtu wa Mwanza kwa sangara wake wakati mama wa Mgusu anavuta mvuke kila jioni, umekosea mlango.

Maana hatari kubwa ipo jikoni. Ukimeza tone la zebaki kwa bahati mbaya karibu lote linapita linatoka, lakini ukivuta mvuke wake kama asilimia 80 inabaki mwilini, inaingia kwenye damu, inapanda kichwani, inavuka mpaka kwa mtoto tumboni. Na mvuke unatengenezwaje? Mtu amepata donge lake, nusu dhahabu nusu zebaki, analiweka kwenye kijiko au kikaango juu ya mkaa, anasubiri zebaki iruke hewani libaki la njano. Anafanyia wapi? Uani, au ndani kabisa kwa sababu nje wezi wataona. Mtoto yuko mgongoni. Baadaye mikono inaanza kutetemeka, usingizi hakuna, mtu anasahau, anakuwa na hasira za ajabu, akienda zahanati anaambiwa malaria, asipopona anaambiwa amerogwa.

Sasa mbona anaendelea? Hapa ndipo watu wanaposema elimu, elimu, elimu. Jamani, hao watu wanajua. Shemeji yangu mkubwa akichoma anakaa upande upepo unakotoka, hajasoma kitabu, ameona wazee wa kazi walivyoisha. Anaitumia kwa sababu ana viroba vitano vya mawe, sio tani hamsini. Anapeleka karasha, mashine ya kusagia mawe, anasagiwa, anapitisha kwenye mwalo, ule ubao wa mteremko wa kuchujia, anakamata dhahabu kwa zebaki, anachoma, jioni ana hela. Hiyo jioni ni muhimu kuliko tunavyodhani, kwa sababu kuna mwenye karasha anamdai, kuna mama ntilie amelisha watu wa duara wiki mbili kwa mkopo, kuna vijana wanne wanasubiri mgao wao. Zebaki yenyewe mara nyingi hainunui dukani, anapewa na mnunuzi wa dhahabu, bure au kwa mkopo, kwa sharti moja tu kwamba dhahabu atamuuzia yeye na bei atapanga yeye. Kwa hiyo ukimwambia aache zebaki unamwambia aachane na anayemkopesha, na hujamletea mwingine wa kumkopesha.

Halafu kuna hii hesabu ambayo inaninyima raha kila nikiifikiria. Kwa hii njia ya mwalo na zebaki mchimbaji anapata kama asilimia 30 mpaka 40 ya dhahabu iliyomo kwenye jiwe lake. Rudia kusoma. Ameingia chini kwenye shimo linaloweza kumfukia, amepandisha jiwe kwa kamba, amelipia kusaga, amevuta sumu, na zaidi ya nusu ya dhahabu imebaki kwenye ule mchanga. Huo mchanga tunauita marudio. Na marudio yanabaki kwa nani? Sehemu nyingi yanabaki kwa mwenye karasha, ndo utaratibu, unasagiwa kwa bei nafuu ila mchanga unaacha. Yakishakuwa mlima anayapeleka kwenye plenti ya sayanaidi, mtambo unaoyeyusha dhahabu kwa kemikali hiyo, kwake au kwa tajiri mwenzake, wanayaloweka kwenye matenki siku kadhaa, na ile dhahabu iliyomshinda mchimbaji inatoka. Yaani yule tunayemwita mchafuzi ndo mwenye fungu dogo kuliko wote. Huyu wa sayanaidi akipita na gari lake hakuna anayemwita mchafuzi, anaitwa mwekezaji.

Na kimazingira hiyo hatua ya pili ndo balaa zaidi kuliko hata ya kwanza! Marudio yana zebaki iliyobaki, ukiyamwagia sayanaidi zebaki inayeyuka pamoja na dhahabu, inakuwa rahisi kusafiri na maji kuliko ikiwa peke yake. Mkataba wa Minamata umelitaja hili waziwazi. Wala haujasema zebaki ipigwe marufuku machimboni kwa siku moja, umesema nchi ipunguze na pale inapowezekana iondoe, ila kuna mambo manne ya kumalizwa kabisa: kumwagia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuchoma donge wazi, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kutia sayanaidi kwenye mchanga wenye zebaki bila kuitoa kwanza. Ukiangalia vizuri hayo manne, mawili yako kwenye kikaango cha mchimbaji na moja liko kwa mwenye plenti, lakini operesheni zikija zinaishia kwenye kikaango.

Wenye kutaka marufuku wanasema mbadala upo, na kweli upo. Kule Benguet, Ufilipino, wachimbaji wametumia boraksi, chumvi nyeupe inayosaidia dhahabu kuyeyuka, kwa miongo, wanachuja vizuri kisha wanayeyusha dhahabu moja kwa moja. Hapa kwetu STAMICO, shirika la madini la serikali, walijengewa vituo vya mfano vya kuchenjua bila zebaki, Lwamgasa, Katente na Itumbi. Vizuri sana. Ila boraksi inadai uwe fundi wa kuchuja na mawe mengine hayaikubali, na kituo kinadai uwe na mzigo wa kutosha na uvumilivu wa kusubiri, na subira ndo kitu ambacho mwenye viroba vitano hana. Marufuku tupu naijua itakavyokuwa. Hata sasa kisheria zebaki ni ya kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali, nenda machimboni uone kama utaikosa. Ukibana zaidi bei itapanda, mnunuzi atamshika mchimbaji vizuri zaidi, na kuchoma kutatoka uani kuingia chumbani kabisa, madirisha yamefungwa.

Sio sisi peke yetu. Kamituga, Kivu Kusini, akina mama wanaotwanga mawe ya dhahabu wanaitwa twangaise, Kiswahili kimevalishwa gauni la Kifaransa, na vumbi na moshi vinaanza na wao hao hao. Zamfara, Nigeria, 2010, ilikuwa risasi, ile metali ya sumu (lead), sio zebaki, lakini watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sababu mawe ya dhahabu yalisagwa majumbani.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mahali pa kuchomea kabla ya kugusa zebaki yenyewe. Retoti, kile chombo cha kufunika donge kikarudisha mvuke uwe zebaki ya majimaji tena, kinaokoa zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, unaitumia tena, na fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa bomba. Masoko ya madini yapo tangu 2019, Geita ndo ilianza, kodi zikapunguzwa na watu wengi wakaacha kuuza gizani, kumbe mchimbaji akiwekewa mlango anapita. Sasa weka sehemu ya kuchomea yenye retoti kwenye kila eneo la karasha, na mwenye plenti asipokee marudio mpaka aonyeshe zebaki imetolewa, yeye ana leseni, ana anwani, anakamatika.

Nilimpelekea shemeji hoja ya retoti mwaka juzi, nikidhani nimemaliza kazi. Nikategemea aniambie ni ghali au inachelewesha. Akasema, "Shem, sisi tuko watano. Donge likiwa wazi wote tunaliona mpaka linakuwa njano. Nikilifunika ndani ya bomba wenzangu watajuaje sijachota?" Sikuwa na jibu. Ya kioo ambayo ndani panaonekana ipo, nimeiona picha tu, nikamwambia. Akaniuliza inauzwa wapi.