Usiulize kamisheni ni asilimia ngapi, uliza inaanzia wapi

Kwenye usaili wa kazi za mauzo jijini Nairobi, iwe ni bima, mikopo ya benki au mitambo ya sola, lazima utaambiwa kipato hakina kikomo. Huko juu, kweli hakina. Mimi huangalia chini.

Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 15,000, tageti ni 600,000 kwa mwezi, kamisheni asilimia 4, ila huanza kulipwa ukifikisha asilimia 70 ya tageti. Ukiuza 420,000, unapata 16,800 juu ya msingi. Ukiuza 414,000, unapata sufuri. Mauzo ya 6,000 tu yamebeba zaidi ya nusu ya kipato cha mwezi.

Tabia za ofisi huanzia hapo. Tarehe 28, aliyebakisha kidogo humlipia mteja malipo ya kwanza kutoka mfukoni mwake. Aliye mbali na asilimia 70 hufungia fomu kwenye droo hadi tarehe 1, kwa sababu mauzo ya mwezi huu hayavuki kuingia mwezi ujao. Timu lida anayajua yote na ananyamaza, maana naye hulipwa kwa jumla ya timu. Asubuhi, mkutanoni, huyo huyo ndiye anayewasomea majina ya walioshika mkia.

Mteja wa kulipiwa huacha kulipa mwezi wa pili au wa tatu, na kampuni inadai kamisheni yake irudishwe. Hilo silipingi, la sivyo tungeuzia hata wasio na uwezo. Ninachopinga ni kumkata muuzaji wakati betri ya sola imekufa, fundi hajafika, na mteja amegoma kulipa kwa haki yake. Kwa hiyo kabla ya kusaini, tafuta mahali mkataba unaposema kamisheni inakuwa yako lini: fomu ikipokelewa, pesa ikiingia au mtambo ukifungwa? Kampuni inaweza kudai irudishwe hadi miezi mingapi, kwa sababu zipi? Na ukiacha kazi, zile ambazo hazijalipwa zinakwenda wapi?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa maandishi ueleze jinsi malipo yanavyokokotolewa (kifungu cha 10), na makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara (kifungu cha 19). Kukosa tageti pia hakutoshi kufukuzwa papo hapo: kifungu cha 41 kinataka uelezwe sababu na usikilizwe, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama.

Wengi hawapati ulinzi huo kwa sababu wamesainishwa kama wakala huru, si waajiriwa, ingawa wanavaa sare, wanaripoti asubuhi na huomba ruhusa kwenda hospitali. Tunza ujumbe wa kuitwa mikutanoni na wa kupangiwa maeneo. Mzozo ukifika mahakamani, kinachopimwa ni kazi ilivyoendeshwa, hata kama karatasi inasema wakala.